Mkono wa Kuazima

Tangu tangazo lilipobandikwa mlangoni, hakuna mtu wa chumba cha pasi aliyemaliza chakula chake cha mchana. Ilikuwa karatasi moja tu. Ilisema wafanyakazi wote watapimwa presha siku ya Jumatano, na kila mmoja aje na kadi yake ya kazi. Chini yake meneja mpya alikuwa ameongeza kwa kalamu, kwa mwandiko wake mwenyewe: "Afya yenu ni mali yetu sote."

"Mali yetu!" alisema Kijiko, mdomo umejaa. "Na mali ikichakaa hufanywaje? Si hutupwa?"

Mwanamke huyu aliitwa Kijiko kwa kuwa alikuwa mwembamba, na kwa kuwa hakuna jambo lililopita mbele yake asilikoroge. Wenzake walicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Walikuwa wanakumbuka. Miaka mitatu nyuma walipimwa vifua, na meneja wa wakati ule naye aliwaambia ni kwa faida yao. Wanne waliokutwa na kikohozi walipewa barua siku ya Ijumaa. Jumatatu yake nafasi zao zilikuwa na watu wengine, na hata vikombe vyao vya chai vilikuwa vimeshapata wenyewe.

Kiwanda kilikuwa cha kufua. Mashuka ya hospitali na ya hoteli yaliingia kwa mlango wa nyuma kwenye mikokoteni, machafu, yakatoka kwa mlango wa mbele yamekunjwa kama barua. Katikati palikuwa na chumba cha pasi, na ndani yake mashine nne, kila moja na pipa refu la chuma lililozunguka likiwa na moto wa jiko. Mtu mmoja alisimama mbele akililisha pipa shuka mbichi. Mwingine alisimama nyuma akaipokea ikiwa kavu, akaikunja. Kati ya mlishaji na mpokeaji palikuwa na pipa na mvuke, kwa hiyo kutwa nzima walifanya kazi pamoja bila kuonana uso.

Kwenye mashine ya pili mlishaji alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na sita ambaye kila mtu alimwita Mama Pasi. Mpokeaji alikuwa mke wa mwanawe. Huyu alizaa mapacha, na tangu siku hiyo jina lake likawa Mama Pacha hata kwenye kadi za harusi.

Mama Pacha alikuwa amezoea kumsoma mama mkwe wake kwenye shuka. Ikitoka imenyooka, pindo kwa pindo, alijua mama yuko sawa. Ikitoka imekaa upande, alijua goti linauma, au kuna mtu kamuudhi njiani. Na kwa miezi mitatu sasa mashuka yalikuwa yakitoka upande, moja baada ya jingine. Naye alikuwa akiyanyoosha kimya kimya, akikunja, bila kusema neno.

Jumanne jioni, mapacha wakiwa wanagombania kandambili moja uani, Mama Pasi alimwita jikoni.

"Mama Pacha, damu yako ni nzuri."

"Damu yangu, mama?"

"Ulipokuwa na mimba ya hawa wezi wa kandambili, kila ukienda kliniki walikusifia. Mia na kumi na kitu. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu."

"Ndiyo, mama."

"Basi kesho nenda na kadi yako. Ukirudi, chukua yangu uende tena."

Mama Pacha alishika kikombe alichokuwa akikiosha, akakisuuza mara ya pili, na ya tatu. Si rahisi kumkatalia mama mkwe. Na huyu wake alikuwa mama mkwe wa namna yake. Mapacha walipozaliwa alilala sakafuni wiki sita ili mzazi apate kitanda. Mpaka leo nyama ikigawiwa, kipande kikubwa alikisogeza upande wa mkwewe na kusema meno yake hayakiwezi, ilhali meno yale yangeweza kutafuna pindo la shuka.

"Mama, kwani kichwa bado kinauma?"

"Kichwa ni changu, na kuuma kinaniuma mimi."

"Na vile vinzi ulivyosema unaviona mbele ya macho?"

"Vinzi ni vya joto." Mama Pasi alifunika sufuria kwa kishindo. "Mwanangu, nimelisha lile pipa miaka kumi na tisa. Wakinitoa pale nitafanya nini? Nikae mlangoni nihesabu kunguru? Sitaki kuwa kiti kibovu kwenye nyumba ya mwanangu. Nimekuomba mkono, sikukuomba figo."

Alisema kwa mzaha, lakini macho hayakuwa na mzaha. Mama Pacha akaitikia. Usiku huo mwili wake ulilala, yeye hakulala.

Jumatano muuguzi alikaa kwenye stoo ya sabuni, meza moja, viti viwili, kipimo kimoja. Alikuwa binti mpole, kalamu sikioni, na foleni ilifika mpaka kwenye mikokoteni. Kwa sababu ya mashuka ya hospitali, wote walivaa barakoa, kofia za kufunika nywele na makoti ya kijani. Aliyekaa kitini hakuonekana ila macho na mkono aliounyoosha. Kadi zenyewe hazikuwa na picha, zilikuwa na namba tu.

Mama Pacha alipimwa kwa kadi yake: mia na kumi na tano kwa sabini na tano. Akatoka, akazunguka nyuma ya mikokoteni, akachukua kadi ya mama mkwe, akarudi mwisho wa foleni. Alipotoka mara ya pili alimkuta Kijiko amemsubiri na kadi mbili, yake mwenyewe na ya mlishaji wa mashine ya nne.

"Mwenzetu," Kijiko alimnong'oneza, akamtumbukizia kadi mfukoni, "huo mkono si wako tena. Ni wa chama."

"Kijiko, mimi naogopa."

"Ogopa ukiwa umekaa. Foleni inasogea."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu la kuungua kwenye pipa, jembamba, limepinda kama ndizi changa. Mara ya nne muuguzi aliushika mkono ule muda mrefu zaidi kidogo. Akatazama kovu, akatazama foleni, akatazama saa.

"Chumba chenu kina damu nzuri," alisema.

"Tunakunywa maji mengi," alijibu Mama Pacha, na ndani ya barakoa jasho lilimtiririka mpaka kwenye midomo. Ulikuwa uongo mtupu. Watu wa chumba cha pasi hawakunywa maji, kwa sababu choo kilikuwa ng'ambo ya ua, na pipa halimngoji mtu.

Ijumaa walikusanywa uani. Kila mtu alikuwa ameshajiandalia moyo wa kupokea barua. Meneja alipanda juu ya kreti, mwanamume wa makamo mwenye shati lililotoka nje nyuma bila yeye kujua, akafungua karatasi.

"Watu kumi na tisa wamekutwa na presha ya juu," alisema. "Nawaomba wasiogope."

Watu wakaanza kuhesabiana kwa macho.

"Kuanzia Jumatatu hao kumi na tisa watakuwa na viti. Watafanya kazi kwenye chumba cha kushona viraka, kule kwenye madirisha. Kila baada ya saa mbili watapumzika dakika kumi na tano na kunywa maji. Daktari atawaona, na dawa nimeshaongea, zitakuja hapa hapa kila mwezi. Mshahara ni ule ule."

Hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa hakuna aliyeamini. Ilibidi meneja asome tena. Ndipo mama mmoja wa upande wa kufua, mmoja wa wale kumi na tisa, akajifunika uso kwa aproni akaanza kulia.

"Na chumba cha pasi!" meneja aliendelea, amechangamka. "Sikutegemea. Kwenye joto lile, nilidhani ninyi ndio mngekuwa na hali mbaya. Kumbe ni wazima karibu wote. Hongereni, ninyi ni chuma! Nilikuwa nimepanga feni mbili kubwa ziende kwenu, sasa zitakwenda kule kwenye kufua wanakozihitaji. Na ile hospitali mpya iliyoleta mashuka, basi mzigo wake nitawapa ninyi. Nyie mnauweza."

Kijiko alifungua mdomo akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza kuonekana jambo la namna hiyo.

Mama Pacha alimtafuta mama mkwe wake kwa macho. Mama Pasi alikuwa amesimama wima kabisa, kama mtu aliyepewa nishani, na mkono mmoja ulikuwa unasugua kisogo.

Tangu siku hiyo Mama Pacha kukaa hakukumkalia, kusimama hakukumsimamia. Alianza kukunja shuka, akaiacha, akachungulia pembeni ya pipa. Njiani kurudi nyumbani alitembea hatua moja nyuma ya mama mkwe ili akianguka aanguke mikononi mwake. Usiku aliamka kusikiliza kama upande wa pili wa ukuta kuna pumzi. Mumewe, ambaye aliendesha gari la mikate na kuamka alfajiri, alilalamika kwamba siku hizi kulala na mke wake ni kama kulala na samaki ndooni.

"Una nini?"

"Joto."

"Joto gani, na mvua hii?"

Hakumwambia. Angemwambia nini? Kwamba amempa mama yake presha ya mtu mwingine? Mama mzazi wa Mama Pacha alianguka jikoni, mkono mmoja kisogoni, mwingine umeshika mwiko, sufuria bado ikichemka. Walisema ni presha. Alikuwa mzima asubuhi, na saa sita mchana majirani walikuwa wanatafuta kanga za kumfunikia. Mama Pacha alikuwa na miaka kumi na minne, na tangu hapo hakuweza kuona mtu ameshika kisogo chake bila kukumbuka sufuria ile.

Akajaribu kusema na mama mkwe. Alingoja Jumapili, watoto wakiwa nje.

"Mama, twende tukaseme. Umemsikia meneja. Hawafukuzi. Wanatoa viti."

"Wanatoa viti mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili je?"

"Lakini dawa..."

"Mama Pacha." Mama Pasi aliacha kukunja nguo za watoto. "Ukienda kusema, watauliza mkono ulikuwa wa nani. Utafukuzwa wewe, nitafukuzwa mimi, na Kijiko, na yule wa mashine ya nne ambaye mumewe anaumwa kitandani. Nyumba tatu kwa ajili ya kichwa kimoja? Hapana. Kichwa changu nimekizoea." Kisha akalainika, akamvuta mkono, akamkaza kifungo cha mkono wa gauni kilichokuwa kinaning'inia. "Wewe nawe umekonda. Unakula au unatazama tu chakula?"

Ndivyo alivyokuwa. Ukienda kumhurumia, unarudi umehurumiwa wewe.

Mzigo wa hospitali mpya ulipokuja, pipa la pili halikupumua. Mashuka yalitoka upande zaidi. Mengine yalitoka na kona imekunjamana ndani, jambo ambalo Mama Pasi kwa miaka kumi na tisa hakulifanya. Mara moja shuka ilichelewa. Pipa lilizunguka tupu, mara moja, mara mbili, na Mama Pacha akaona moyo wake unazunguka nalo. Ikatoka kwenye mzunguko wa tatu. Akaikunja.

Muuguzi alikuja kila Jumatano kutazama wale kumi na tisa. Jumatano ya kwanza Mama Pacha aliomba ruhusa ya choo, akavuka ua, akasimama mlangoni pa stoo ya sabuni.

"Karibu, dada. Una shida gani?"

Mezani aliona orodha, namba kwa namba, na kwenye namba ya mama mkwe, kwa wino safi, ile mia na kumi na tano ya kwake.

"Kichwa," alisema.

Muuguzi alimpa vidonge viwili vya maumivu na glasi ya maji, akamwambia anywe na akae kidogo kwenye benchi. Hata benchi alilipangusa kwanza kwa kiganja. Mama Pacha alikunywa maji, vidonge akavificha kiganjani. Jioni alimpa Mama Pasi.

"Hivi ndivyo ulivyopata?" Mama Pasi aliuliza.

"Ndivyo nilivyoweza."

Mama Pasi alivimeza bila maji.

Jumatano ya pili, kabla ya chai ya saa nne, shuka ilitoka imenyooka.

Mama Pacha aliishika kwa furaha ya ajabu. Ilikuwa imenyooka vizuri kabisa, pindo kwa pindo, kama zamani. Akaikunja mara moja. Alipogeuza ili aikunje mara ya pili akaona madoa. Yalikuwa matatu, duara, ya kahawia, yamekaushwa na moto wa pipa mpaka yamekuwa kama yamechapwa. Alipokwaruza kwa ukucha, ukucha ukapata wekundu.

Kwenye kila mashine palikuwa na kitufe chekundu. Walifundishwa siku ya kwanza kwamba hakiguswi ila mkono wa mtu ukinaswa, kwa kuwa kikibonyezwa mapipa yote manne husimama, na kuyapasha tena ni saa nzima. Katika miaka yake sita Mama Pacha hakuwahi kumwona mtu akikigusa. Alikipiga kwa ngumi.

Chumba kizima kikanyamaza. Kelele zile walizizoea hata wakasahau kwamba ni kelele, na sasa kila mtu akasikia viatu vya mwenzake.

"Nani kanaswa?" Kijiko alipiga ukelele. "Nani?"

Mama Pacha alishazunguka pipa. Mama mkwe wake alikuwa ameshusha barakoa, ameziba pua kwa ncha ya aproni, na aproni ilikuwa inalowa. Mkono mwingine ulikuwa bado umeshika kona ya shuka inayofuata.

"Washa mashine," alisema Mama Pasi puani.

"Siwashi."

"Umesemaje?"

"Nimesema siwashi, mama. Twende."

"Mbele ya watu unanivuta mkono? Mimi?"

"Mbele ya watu, mama. Baadaye utanipiga. Sasa twende."

Akamwondoa vidole kwenye shuka, kimoja kimoja, maana vilikuwa vimeganda pale. Wakavuka ua. Mama Pasi alikuwa mzito, akitembea kama mtu anayetafuta ngazi gizani, na mchana ulikuwa mweupe.

Wale wa viraka waliokuwa wakisubiri waliinuka wote bila kuambiwa. Muuguzi alimkalisha, akamwinamisha mbele kidogo, akambana pua, akamfunga kipimo mkononi. Kikajaa, kikashuka. Akakifunga tena. Ile kalamu ya sikioni ilianguka naye hakuiokota.

"Mia mbili na kumi na nane," alisema hatimaye, "kwa mia na ishirini na nne." Akatazama kadi, akatazama orodha. "Lakini wiki mbili zilizopita ilikuwa..."

"Ile ni yangu," alisema Mama Pacha.

Akakunja mkono wa koti. Kovu likaonekana.

Muuguzi alilitazama. "Mkono huu niliuona," alisema kwa sauti ndogo. "Niliuona mara nne. Nilikuwa na watu mia na arobaini kabla ya saa saba. Nikajiambia, hawa wanafanya kazi moja, labda wote wameungua pamoja. Nilijua si kweli. Nikaandika." Akageuka haraka kwenye simu, na vidole vyake vilikosea namba mara mbili.

Meneja aliingia akikimbia, maana mapipa yalikuwa yamesimama na dereva wa hoteli alikuwa getini anapiga honi. Nyuma yake walikuja watu wa chumba cha pasi, wakajazana mlangoni.

"Nani kabonyeza?"

"Mimi," alisema Mama Pacha. Na kwa kuwa alishaanza, akamwambia yote, mkono, kadi, foleni, kwa maneno yaliyopandana, huku ameshika bega la mama mkwe. Mama Pasi alikuwa amefumba macho. Hakumkatiza, lakini alitoa bega lake polepole kutoka kwenye mkono ule.

Meneja alikaa kwenye ndoo ya sabuni. "Kwa nini?" aliuliza. "Nilisema ni kwa faida yenu. Niliandika."

"Na wa kabla yako alisema," Kijiko alijibu kutoka mlangoni. "Maneno ni yale yale, meneja, hata koma. Sisi tungejuaje kwamba wewe umeyamaanisha?"

Meneja alichukua orodha mezani.

"Kadi nyingine zilikuwa za nani?"

Mama Pacha alitazama sakafu.

"Usimtoe jasho, limeshamtoka la kutosha," alisema Kijiko, akaingia ndani akivua barakoa. "Moja ilikuwa yangu. Nyingine mwenyewe atasema akitaka, mimi leo nimechoka kukoroga."

"Nitapima chumba kizima upya," alisema muuguzi. "Leo. Barakoa chini. Na kosa langu nitaliandika pamoja na lao."

"Mtanifukuza?" Mama Pacha aliuliza.

"Sijui," alisema meneja, na ilionekana kwamba kweli hajui. "Utapata barua ya onyo, hiyo lazima. Mengine sijui. Nina mashuka elfu mbili hapa." Kisha akainuka kwenye ndoo, akatoa funguo mfukoni. "Gari la wagonjwa litachelewa. Tutumie langu. Kiti cha mbele kinalala, alale. Twendeni, twendeni!"

Aliendesha yeye mwenyewe, akiyapita magari mengine nje ya zamu na kuwaomba madereva radhi kwa mkono, shati bado limetoka nje.

Hospitalini walimpa Mama Pasi kitanda cha kwenye dirisha na dawa ya kwenye mshipa. Daktari alimwita Mama Pacha pembeni. Akamwambia kwamba pua ile imemsaidia, maana damu ingeweza kupasukia kichwani, na kwamba angebaki wiki moja zaidi kwenye joto lile, yeye asingethubutu kuahidi kwamba angepona. Ashushwe presha taratibu, alisema, ikishuka ghafla nayo ni hatari. Leo na kesho ndizo za kuangalia.

Basi Mama Pacha akaangalia. Alisimama miguuni pa kitanda, akahamia ubavuni, akarudi miguuni. Mama Pasi alikuwa macho. Alipopewa maji na mkwewe alikunywa, lakini aligeuza uso ukutani. Alipofunikwa, alijifunua. Tangu asubuhi hakuwa amemwambia neno hata moja, na kwa Mama Pacha kimya kile kilikuwa kizito kuliko kofi.

"Mama, unisamehe," alisema. Ukuta haukujibu.

Jioni, saa ya kuona wagonjwa, mume wake aliingia na unga wa mkate kwenye kola, amewaacha watoto kwa jirani. Alikuwa ameshasikia nusu ya habari getini kiwandani, na nusu hiyo ilikuwa nusu mbaya.

"Wewe!" alimwambia mkewe, watu wa vitanda vingine wakageuka. "Umempima mama yangu kwa mkono wako? Miezi yote hii mnaniambia joto, joto! Leo wananiambia umemburuta mbele ya kiwanda kizima. Nani alikutuma?"

Mama Pacha alishika chuma cha kitanda. Miguu ilikuwa imemvimba, na hakuwa amekula tangu jana.

"Mimi," ilisema sauti kutoka ukutani.

Mama Pasi alijigeuza polepole, na mrija wa dawa ukageuka naye.

"Mimi nilimtuma kwenye uongo. Kwenye ukweli alijituma mwenyewe, na nimemkasirikia, na bado nina hasira naye, wala hazitaisha leo. Lakini hizo ni hasira zangu, usiziazime." Akapumzika kidogo. "Unampigia kelele mtu aliyesimama kutwa nzima. Huoni miguu yake? Nilikulea hivyo? Mletee kiti."

Mwana alikwenda akaleta kiti kutoka mwisho wa wodi, akakiweka bila kelele. Kisha akatoa mkate mfukoni mwa koti, akaukata katikati.

Mama Pacha alikaa. Alitafuna mara mbili tatu, macho kwenye karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda, yenye mistari aliyoshindwa kuisoma. Mama Pasi alikuwa amefumba macho, lakini mkono wake usio na mrija ulikuwa umetoka nje ya blanketi, umelala upande wa kiti.

Mama Pacha akainuka tena, mkate mkononi, akamfuata muuguzi wa zamu mpaka mezani kwake.

"Dada, samahani. Ule mstari wa kitanda cha dirishani. Unapanda au unashuka?"

"Unashuka, mama. Polepole, kama tunavyotaka. Nenda kakae."

Akaenda akakaa. Baada ya dakika tano aliinuka kwenda kuuliza tena.